Aliyeufuata Umeme Mdogo: Hotuba Kuhusu Alessandro Volta

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu wa fizikia na wanafunzi wa klabu za sayansi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Shikamooni wakubwa zangu. Nanyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni, hamjambo?

Mada ya leo ni mtu mmoja na swali moja. Mtu huyo ni Alessandro Volta, aliyezaliwa mwaka 1745 Como, mji ulio kando ya ziwa kaskazini mwa Italia. Jina lake mnalitaja bila kufikiri kila mnaponunua betri: volti 1.5, volti 9, volti 12. Ukimuuliza mtu wa kawaida Volta alifanya nini, atakujibu: alivumbua betri. Basi, mazungumzo yamekwisha.

Je, mnaamini kwamba aliamka asubuhi moja akasema, "Leo nitavumbua betri"? Hata kidogo. Volta hakuwa akitafuta betri. Alikuwa akitafuta kitu kidogo mno: umeme dhaifu, ule usiotoa cheche, usiosikika, ambao hakuna chombo cha wakati ule kilichoweza kuuonesha. Wenzake walipenda cheche ndefu na radi. Yeye aliufuata umeme mdogo kwa miaka 25, na betri ikatokea mwishoni kama ushahidi katika ubishi. Ubishi wenyewe, tutaona, alikuwa amekosea nusu yake.

Tuanzie 1775.

Wakati ule umeme ulipatikana kwa kusugua. Ulikuwa na mashine yenye tufe la kioo, unalizungusha kwa mkono huku kitambaa au ngozi ikilisugua, kisha umeme unauhifadhi ndani ya chupa ya Leyden. Ukitaka cheche nyingine, unasugua tena. Mwezi Juni mwaka huo Volta, mwalimu wa fizikia pale Como mwenye umri wa miaka 30, alimwandikia mwanasayansi Joseph Priestley wa Uingereza kumweleza kifaa kinachosuguliwa mara moja tu, kisha kikatoa cheche baada ya cheche. Alikiita elektrofora ya kudumu. Tuseme haki: Mswidi Johan Carl Wilcke alikuwa ameshafanya jaribio la namna hiyo mwaka 1762. Lakini Volta ndiye aliyekifanya kifaa kikashikika, kikatengenezeka na kikaenea Ulaya nzima.

Kilitengenezwaje? Aliyeyusha pamoja tapentaini sehemu tatu, utomvu mkavu sehemu mbili na nta sehemu moja, akamimina kwenye sahani ya chuma ikaganda, laini na bapa. Juu yake akaweka sahani nyingine ya chuma yenye mpini wa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Kwisha.

Ninyi hamhitaji kuyeyusha utomvu. Chukueni kipande bapa cha plastiki ngumu, sahani ya alumini ya kuokea keki, na kikombe cha plastiki kikavu kilichogundishwa katikati ya sahani kiwe mpini. Sugueni plastiki kwa kitambaa cha sufu kwa nusu dakika. Wekeni sahani juu yake kwa kushika mpini. Gusa sahani kwa kidole, ondoa kidole, halafu inua kwa mpini. Sogeza kifundo cha kidole: cheche! Rudisha sahani, gusa, inua: cheche nyingine. Bila kusugua tena.

Sasa, jaribio hili linaharibika wapi? Linaharibika katika hatua ambayo kila mtu huiruka: ile ya kugusa. Mwanafunzi anasugua vizuri, anaweka sahani, anainua, hapati kitu. Kwa nini? Plastiki ina chaji hasi na inabaki nayo, kwa sababu ni kihami na inakutana na sahani katika nukta chache tu. Chaji hasi ya plastiki inasukuma chaji hasi za sahani zipande upande wa juu, na upande wa chini unabaki na chaji chanya. Ukiinua bila kugusa, zinarudiana na jumla ni sifuri. Kidole ndicho kinachozipa zile za juu njia ya kuondoka. Ukikisahau, umefanya kazi bure. Na ukiacha kidole kikigusa wakati unainua, umefanya kazi bure vilevile.

Kuna kosa jingine ambalo walimu wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam wanalijua na wa Dodoma hawalijui: unyevu. Hewa ya pwani huweka utando wa maji juu ya plastiki, na chaji inatambaa juu ya utando huo mpaka ikaisha. Jaribio linakufa na mwalimu anaaibika. Anikeni kitambaa na plastiki juani saa nzima, kisha fanyeni jaribio mara moja, kabla havijapoa. Na kingo za sahani ziwe za mviringo, kwa sababu kingo kali humwaga chaji hewani.

Naomba mjiulize swali ambalo Volta alijiuliza: kama plastiki haipotezi chaji yake, nguvu ya zile cheche mia inatoka wapi? Inatoka mkononi mwako. Chaji chanya ya sahani inavutwa na chaji hasi ya plastiki, na wewe unaitenganisha kwa nguvu kila unapoinua. Kifaa hakikupi kitu cha bure. Kumbukeni hilo la kuinua, tutalihitaji baada ya muda mfupi.

Mwaka uliofuata udadisi wake ukatoka nje ya mada, na mimi nautaja kwa sababu unaonesha aina ya mtu aliyekuwa. Novemba 1776, kule Angera kwenye Ziwa Maggiore, Volta alichokoza tope la kinamasi kwa fimbo, akakusanya viputo vilivyopanda ndani ya chupa iliyopinduliwa, akavipeleka nyumbani na kuviwasha. Ndiyo gesi tunayoiita methani, ileile inayopikia katika nyumba za wafugaji wetu wenye mitambo ya bayogesi. Kisha, badala ya kutumia moto, akaiwasha kwa cheche ya umeme ndani ya chombo kilichofungwa kwa kizibo. Kizibo kiliruka kwa kishindo, na kifaa kikaitwa bastola ya umeme. Hapa vipimo ni kila kitu: methani huwaka tu ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya mchanganyiko na hewa, na hulipuka vizuri zaidi kwa takriban sehemu moja ya gesi kwa sehemu kumi za hewa. Ukijaza chupa kwa gesi tupu, unaweza kupiga cheche mpaka jioni. Mwaka 1777 alipendekeza hata kuvuta waya juu ya nguzo za mbao kutoka Como mpaka Milan, cheche ipigwe huku bastola ilie kule. Waya huo haukuvutwa. Lakini tazameni tarehe: hiyo ni miaka sitini kabla ya telegrafu.

Tuendelee, maana hapa ndipo penye kiini.

Mwaka 1778 Volta alihamia Chuo Kikuu cha Pavia, na swali lililomshika lilikuwa hili: vipi nitapima umeme ambao ni mdogo kuliko uwezo wa vyombo vyangu? Elektroskopu yake ilikuwa mabua mawili makavu ya majani yaliyoning'inia ubavu kwa ubavu ndani ya chupa. Ukigusisha chaji, mabua yanasukumana na kuachana, nawe unasoma pembe kwenye kipimo. Ni chombo kizuri, chepesi, na ukitengeneza cha pili kinasoma sawa na cha kwanza. Lakini mabua hayasogei mpaka umeme uwe na msukumo wa kutosha. Umeme wa betri moja ya tochi hauyatikisi hata kidogo.

Mngefanyaje? Wengi wangetafuta mabua mepesi zaidi. Volta alirudi kwenye elektrofora yake. Alichukua sahani pana, akaiweka juu ya nyingine, zikitengwa na utando mwembamba tu wa vanishi. Sahani zikikaribiana hivyo, zinaweza kubeba chaji nyingi kwa msukumo mdogo. Akaigusisha sahani ya juu kwenye chanzo dhaifu, akaiacha inywe chaji taratibu. Kisha akaondoa chanzo, akainua sahani.

Mnaona kilichotokea? Chaji ni ileile, haina pa kwenda. Lakini uwezo wa sahani kubeba chaji umeporomoka, kwa hiyo msukumo lazima upande. Fanyeni hesabu ya darasani: kama vanishi ni nene milimita 0.1, na unainua sahani mpaka milimita 10, uwezo unapungua kama mara mia, na msukumo unaongezeka kama mara mia. Volti 1 inakuwa volti mia. Kwa vitendo hupati mia kamili, kwa sababu sahani ikienda mbali kingo nazo zinaingia kwenye hesabu, na unyevu unaiba chake. Lakini unapata ya kutosha mabua kuachana. Alichapisha kazi hii mwaka 1782 katika jarida la Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, na kifaa akakiita kondensatore. Ndiyo kapasita ya leo, iliyomo ndani ya kila redio na kila simu. Yeye hakuitengeneza ili ihifadhi umeme. Aliitengeneza kama miwani.

Na hapo ndipo alipoweka maneno mawili tunayoyatumia mpaka leo: uwezo wa kubeba chaji, na msukumo, au tensheni kama alivyouita. Chaji ni uwezo mara msukumo. Ninyi wa kidato cha tano na cha sita, ile Q sawa na C mara V mnayoikariri ilitoka kwenye sahani mbili na vanishi.

Sasa tufike kwa vyura.

Mwaka 1791 daktari wa Bologna, Luigi Galvani, alichapisha matokeo yaliyoitikisa Ulaya. Miguu ya chura aliyekufa iliruka msaidizi alipogusa mshipa wa neva kwa kisu wakati mashine ya umeme, iliyokuwa mbali kidogo, inatoa cheche. Hilo lilishangaza. La pili lilishangaza zaidi: aliitundika miguu kwa ndoano za shaba nyeupe kwenye reli ya chuma, na ndoano iliposukumwa ikagusa reli, miguu ikaruka. Hakuna mashine, hakuna radi. Galvani akasema: umeme umo ndani ya mnyama. Msuli ni chupa ya Leyden, neva ni waya wake, na metali inafungua tu njia.

Volta aliyarudia majaribio hayo mwaka 1792, na mwanzoni alimsifu Galvani. Lakini kulikuwa na jambo lililomkera. Kwa nini miguu inaruka vizuri metali zikiwa mbili tofauti, na ikiwa metali ni moja inaruka kidogo au hairuki kabisa? Kama umeme ni wa chura, yeye chura anajuaje kwamba hii ni shaba na ile ni chuma?

Swali hilo, ndugu zangu! Chura anajuaje?

Basi Volta akamwondoa chura, akautumia ulimi wake mwenyewe. Karatasi ya bati kwenye ncha ya ulimi, kijiko au sarafu ya fedha nyuma yake. Visipogusana, hakuna kitu. Vikigusana kwa mbele, ulimi unahisi ladha ya uchachu, na ladha hiyo haipotei kama cheche. Inaendelea muda wote metali zinapogusana. Ukibadilisha nafasi za metali, ladha inabadilika. Mnaweza kulifanya leo kwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula na kijiko safi cha chuma cha pua. Halina hatari. Waliozibwa meno kwa metali wanaijua hali hii bila jaribio, pale wanapotafuna kipande cha alumini kwa bahati mbaya.

Zingatieni: haipotei. Umeme wote uliojulikana mpaka siku ile ulikuwa wa kupasuka na kuisha, na hapa kuna umeme unaotiririka. Mswisi mmoja aitwaye Sulzer alikuwa amekwisha kuandika juu ya ladha hiyohiyo katika miaka ya 1750, akapita zake. Volta hakupita.

Akaanza kupanga metali kwa safu, kwa kadiri zinavyotofautiana: zinki upande mmoja, kisha bati, chuma, shaba, fedha, na mwisho makaa na grafiti. Kadiri metali mbili zinavyoachana katika safu hiyo, ndivyo athari inavyokuwa kubwa. Zinki na fedha ndizo alizozipenda. Kuhusu chura, alisema yeye ni elektromita tu, yaani chombo cha kupimia umeme, nyepesi kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Na kwa wakati ule hilo lilikuwa kweli tupu.

Galvani hakukaa kimya. Mwaka 1794 likaja jaribio lisilo na metali kabisa: neva ya chura ikiguswa kwenye msuli wake, mguu unaruka. Sasa Volta afanye nini? Mpinzani ameondoa metali. Naye lazima amwondoe mnyama, asibaki hata ulimi.

Alitumia kondensatore yake. Kisahani cha zinki na kisahani cha fedha, vyenye mipini ya kihami, vikagusana, vikatenganishwa, tena na tena, chaji ikikusanywa. Mabua yakaachana. Umeme upo! Lakini ni mdogo mno, na msikilizaji mwenye shaka anaweza kusema umetokana na kusuguana. Ilibidi auzidishe.

Hapa ndipo wengi tungekwama. Mnadhani ukipanga zinki, fedha, zinki, fedha, vipande mia, utapata mara mia? Hupati kitu. Kila mguso unaosukuma kwenda juu unafuatwa na mguso unaosukuma kwenda chini. Volta aliigundua kanuni hiyo: metali peke yake, hata ziwe ngapi, hutoa tofauti ileile kama ya kwanza na ya mwisho zingegusana moja kwa moja. Ili jozi moja isifute kazi ya jozi nyingine, katikati yao lazima kiwepo kipitishi cha aina ya pili, kilicho majimaji. Alikuwa amesoma pia juu ya samaki taa wa umeme, ambaye ndani ya mwili wake ana nguzo za visahani vingi vyembamba vilivyolala katika ute. Sisi tunaye ndugu wa kazi yake, kambare wa umeme wa Ziwa Tanganyika, anayemrusha mvuvi mkono.

Tarehe 20 Machi 1800, kutoka Como, Volta alimwandikia Joseph Banks, rais wa Royal Society. Kwa Kifaransa. Kisahani cha fedha, juu yake zinki, juu yake kadibodi au ngozi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Tena fedha, zinki, kadibodi. Thelathini, arobaini, sitini. Ukilowesha vidole na kugusa juu na chini, jozi 20 tu zinatosha kukuchoma vidoleni. Ukiachia na kugusa tena, inachoma tena. Hakuna kusugua, hakuna kuinua. Alikiita kiungo cha umeme cha bandia, akimlinganisha na yule samaki.

Aliendelea na mwili wake. Aliingiza vijiti viwili vya metali masikioni, akaunganisha jozi kati ya 30 na 40. Alihisi pigo kichwani, kisha sauti kama ya kitu kizito kinachotokota jikoni. Hakulirudia sana, akiogopa kudhuru ubongo. Nanyi msilirudie hata mara moja.

Sasa tuijenge, maana naona wengine mmeshika kalamu.

Mnahitaji visahani 8 vya shaba na 8 vya zinki, vyenye upana wa sentimita 3 hivi. Shaba mtaipata kwa mafundi friji, mabaki ya mabomba yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Zinki imo kwenye gamba la mawe ya redio ya kawaida yaliyokwisha. Msifungue kamwe yaliyoandikwa alkaline wala betri za simu. Vaeni glavu, ondoeni unga mweusi, osheni gamba, mlikate na kulinyoosha. Piga msasa pande zote mbili mpaka ing'ae, kwa sababu kutu nyembamba tu inaweza kuzuia umeme. Katieni kadibodi visahani vidogo kidogo kuliko vya metali. Vijiko viwili vya mezani vya chumvi katika robo lita ya maji ya uvuguvugu, loweka kadibodi dakika tano, kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, zikamue mpaka zisidondoshe.

Kwa nini? Kwa sababu uzito wa nguzo hukamua visahani vya chini, maji yanateremka ubavuni, na maji ya chumvi ya ubavuni ni waya. Yanaunganisha juu na chini na nguzo inajimaliza yenyewe. Huyo ndiye adui nambari moja wa nguzo ya Volta. Suluhisho moja la Volta lilikuwa kuacha nguzo kabisa: alipanga vikombe vya maji ya chumvi kwa mstari au duara, na kila kikombe kikaunganishwa na jirani yake kwa utepe wenye fedha au shaba upande huu na zinki upande ule. Vikombe havivuji. Vinachukua meza nzima, hiyo ndiyo bei yake.

Pangeni hivi kutoka chini: shaba, kadibodi, zinki, shaba, kadibodi, zinki. Kwenye multimita, chombo cha kupimia volti, jozi moja itasoma takriban volti 0.7 hadi 0.8. Nane zitakaribia 6. Ikiwa mnasoma 4, tafuteni jozi iliyogeuzwa, maana moja iliyogeuzwa haikosi tu kuchangia, inafuta pia mchango wa mwenzake. Wekeni taa ndogo nyekundu ya LED, mguu mrefu kwenye shaba ya chini, mguu mfupi kwenye zinki ya juu. Itawaka bila kizuizi cha umeme, kwa sababu nguzo yenyewe ina ukinzani mkubwa ndani. Dakika chache baadaye itafifia. Haijaisha, viputo vya haidrojeni vinakusanyika juu ya shaba na kuziba njia, na kadibodi inaanza kukauka. Fungua, pangusa shaba, lowesha upya, itarudi.

Kuna mtego mmoja kwa wanaofuata barua ya Volta neno kwa neno. Yeye alianza na fedha, zinki, kisha majimaji, akamalizia juu kwa zinki. Mkijenga hivyo, zinki ya juu itakuwa chanya! Kitabu kinasema zinki ni hasi, multimita inasema chanya, darasa linagombana. Siri ni hii: seli halisi ni zinki na shaba zenye majimaji katikati. Katika mpangilio wa Volta, kisahani cha chini kabisa na cha juu kabisa havina kazi. Ni vipande vya waya tu. Jozi 20 zake ni seli 19. Aliviweka kwa sababu aliamini umeme unazaliwa pale metali mbili zinapogusana, na majimaji ni daraja tu.

Na hilo ndilo alilokosea.

Banks aliionesha sehemu ya kwanza ya barua kwa marafiki kabla haijasomwa rasmi Juni 26. William Nicholson na daktari Anthony Carlisle walijenga nguzo yao London kwa sarafu 17 za fedha. Ili mguso uwe mzuri, walidondosha tone la maji juu, na kwenye tone wakaona viputo. Tarehe 2 Mei 1800 waliingiza waya mbili kwenye mrija wa maji, maji yakatengana kuwa haidrojeni na oksijeni. Miaka saba baadaye mwanakemia Humphry Davy, kwa betri kubwa za Royal Institution, alitoa potasiamu na sodiamu, elementi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Novemba 1801 Volta mwenyewe alionesha nguzo yake Paris mbele ya Napoleon, akapewa medali ya dhahabu, na mwaka 1810 akapewa cheo cha ukabaila. Lakini kemia haikumshika. Aliona zinki inaliwa, akaihesabu kuwa ni jambo la pembeni. Mtu aliyemuuliza chura maswali magumu kiasi kile hakuiuliza zinki.

Na Galvani? Alikufa 1798, bila kuiona nguzo, akiwa amepoteza kazi kwa kukataa kuapa kwa serikali mpya. Lakini umeme wa mnyama upo. Katika miaka ya 1840 Carlo Matteucci aliupima kwenye misuli ya chura kwa galvanomita, chombo cha kupimia mkondo wa umeme, na hospitalini leo mashine ya ECG inachora umeme wa moyo wako. Volta alikuwa sahihi kuhusu ndoano na reli. Galvani alikuwa sahihi kuhusu neva na msuli.

Nimebakiza swali moja ambalo vijana huuliza: kwa nini Volta hakuipima zinki tu kwenye mizani, ubishi uishe? Tufanye hesabu. Gramu 65.4 za zinki hutoa chaji ya kulomu 192,970. Nguzo yenu ikitoa miliampea 2 kwa saa nzima, hiyo ni kulomu 7.2, yaani miligramu 2.4 za zinki kwa kila kisahani. Mizani ya shule inayosoma gramu 0.01 haitaona kitu. Lakini tumieni vikombe badala ya nguzo, toeni miliampea 5 kwa saa 24, na kila kipande kitapungua gramu 0.15 hivi, mizani itaona. Vikombe vikiwa kwenye mstari, mkondo uleule unapita katika vyote, kwa hiyo kila zinki inalipa kiasi kilekile. Mkipata upungufu mkubwa kuliko hesabu, msishangae, maji ya chumvi huila zinki hata pasipo mkondo. Wekeni kikombe kimoja pembeni chenye zinki peke yake, bila shaba na bila waya, kwa saa zilezile 24, kisha mtoe upungufu wake kwenye ule wa vingine.

Ahsanteni. Mizani ipo meza ya nyuma, na zinki zimeshakatwa.